Kioo cha mbele cha pikipiki ya safari kiwe na kimo gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa watu wanaonisimamisha kwenye vituo vya mafuta, gereji na vijiwe vya chai kati ya Arusha na Moshi. Wengi wana pikipiki kubwa za safari, wachache wana Boxer na ndoto ndefu. Nimeyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tatu. Ukisoma "tazama swali la 9", nenda huko kwanza kabla ya kuuliza tena.

## Mambo ya mwanzo

1. Unaposema kioo, unamaanisha kioo gani?

Kile cha mbele, kilichofungwa juu ya taa, kinachozuia upepo. Nakiri neno lenyewe linachanganya. Ukimwambia fundi "nataka kioo cha pikipiki" ukaishia hapo, atakuletea saiti mira. Sema "kioo cha upepo", au mwonyeshe picha kwenye simu. Na ingawa tunakiita kioo, hakihusiani na kioo cha dirishani: ni plastiki ngumu inayoonyesha (aina zake ziko swali la 16).

2. Nimeendesha miaka kumi bila kioo na sijawahi kukikosa. Kina kazi gani hasa?

Mjini hakina kazi kubwa. Pale Arusha, kutoka Sakina hadi Tengeru, kwa mwendo wa 40 au 50 na matuta kila mahali, hutaona tofauti ya maana zaidi ya baridi kidogo kifuani.

Mambo hubadilika barabara ikifunguka. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 50 kwenda 100, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini upepo unakusukuma mara nne. Unaizuia nguvu hiyo kwa mikono na shingo. Saa ya kwanza hutahisi kitu. Lakini Moshi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na asiye na kioo akifika Mombo ameshaanza kunyoosha mabega kila baada ya dakika kumi. Kioo kinaupokea upepo huo badala ya kifua chako, mikono ikabaki na kazi yake ya kuongoza.

3. Kwa kifupi, kimo sahihi ni kipi?

Kwa safari za lami: ukikaa kama unavyokaa barabarani na kutazama mbele, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa kati ya ncha ya pua na mdomo wako. Kwa anayeingia sana barabara za vumbi: usawa wa kidevu au chini yake.

Watu wengi hudhani kioo kinapaswa kufika juu ya macho ndipo upepo usiwapate. Sivyo. Hewa ikigonga kioo huendelea kupanda hata baada ya kuuacha ukingo, kwa hiyo kioo kinachoishia puani kinaweza kuurusha upepo juu ya paji la helmeti. Ukikipandisha hadi machoni hujaongeza kinga sana, ila umejiwekea mstari katikati ya barabara unayoitazama.

4. Kwa nini nitazame juu ya kioo? Si kinaonyesha? Hata gari tunatazama kupitia kioo.

Gari lina waipa. Pikipiki haina.

Mvua ya masika ikishuka, kioo chako kinajaa matone, na nyuma yake kuna matone mengine kwenye helmeti. Usiku lori likija na taa kali, kila mkwaruzo mdogo unawaka kama nyota. Jua nalo lina ratiba yake kwenye barabara yetu: asubuhi ukitoka Arusha kwenda Moshi linakupiga usoni, jioni ukirudi linakupiga usoni tena, kwa sababu barabara yenyewe inakwenda mashariki na magharibi. Jua la chini likipita kwenye kioo chenye vumbi na wadudu, huoni rasta, huoni mbuzi, huoni mtu.

Sasa fanya hesabu ndogo. Chukua jicho lililo mita 1.5 kutoka ardhini, na ukingo wa kioo ulio sentimita 60 mbele yako. Ukingo ukiwa usawa wa mdomo, yaani kama sentimita 8 chini ya jicho, utaiona lami juu ya kioo kuanzia mita 11 mbele. Ukiwa usawa wa ncha ya pua, kuanzia mita 20 hivi. Ukiwa sentimita 2 tu chini ya jicho, kuanzia mita 45. Kwa mwendo wa 80 unameza mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo huyo wa sentimita 2 anakutana na shimo lililo sekunde mbili mbele yake akiwa analitazama kupitia plastiki chafu. Ndiyo maana sentimita tatu nazibishania kama navyobishania bei ya nyama.

## Kupima

5. Nijipimeje nyumbani?

Mtafute mtu wa kukushikia pikipiki iwe wima. Ikiegemea stendi ya pembeni vipimo vyote ni uongo. Vaa helmeti, viatu na koti la safari, kaa mahali unapokaa ukiwa umeshachoka, si mahali unapokaa ukipigwa picha. Tazama mbali, usawa wa macho, mathalani paa la nyumba ya jirani. Mwenzako asimame ubavuni akupige picha, simu ikiwa kwenye kimo cha macho yako. Kwenye picha utaona ukingo wa kioo unakutana na uso wako wapi.

Halafu rudia ukiwa na mzigo. Hapa wengi hukosea. Mabegi na abiria wakiikalisha springi ya nyuma sentimita 4 zaidi, pikipiki inainua pua, na ukingo wa kioo unapanda karibu sentimita moja na nusu ukilinganisha na mstari wa macho yako. Aliyekuwa anaona vizuri akiwa peke yake anaanza kuchungulia. Kama springi yako inakazwa, ikaze kwanza kabla ya kukilaumu kioo.

6. Nina urefu wa sentimita 170. Ninunue kioo cha kimo gani?

Siwezi kukujibu kwa namba hiyo, na muuzaji anayekujibu anakisia. Kinachohesabiwa ni kutoka kalio hadi jicho. Ninao rafiki wawili wanaolingana wakisimama pamoja, lakini wakikaa mmoja anamzidi mwenzake nusu kichwa, maana huyo mwingine urefu wake wote uko miguuni.

Kiti nacho kinahesabiwa. Ukiongeza sponji ya sentimita 3, ni sawa na kukishusha kioo sentimita 3. Na sponji ya zamani iliyokufa inafanya kinyume chake. Amua kiti kwanza, kioo baadaye.

7. Nimeona kwenye mtandao kioo cha "sentimita 52". Changu cha sasa kina 42. Ina maana nitapata kimo cha sentimita 10 zaidi?

Mara nyingi hapana. Wauzaji wengine hupima plastiki nzima, pamoja na sehemu inayojificha chini ya bolti. Wengine huufuata mkunjo. Wewe pima kutoka tundu la bolti la juu hadi ukingo, kwenye chako na kwenye unachotaka, kisha linganisha.

Halafu kuna mlalo. Kioo kilicholala nyuzi 45 kikiongezwa sentimita 10 za plastiki, kimo kinaongezeka 7 tu, na ukingo nao unasogea 7 kuelekea uso wako.

8. Naweza kujaribu kabla ya kutoa hela?

Unaweza na unapaswa. Dumu tupu la mafuta ya kula la lita 20 lina pande bapa zenye ugumu mzuri. Kata kipande, kikunje kifuate kioo chako, kifunge kwa tepu imara ndani na nje kikiwa kimezidi ukingo kwa sentimita 5. Hakipitishi macho, kwa hiyo kisizidi usawa wa mdomo hata siku moja. Nenda kwenye barabara ya mchepuko ya Arusha mapema asubuhi magari yakiwa machache, au kama uko Moshi, kipande kati ya Boma Ng'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Anza na mwendo mdogo, simama, kagua tepu, ndipo uongeze.

Kipande cha dumu hakikugharimu kitu. Kioo kilichoagizwa nje kinakugharimu bei, usafirishaji na forodha, na hakuna wa kukirudishia.

## Kutikiswa kichwa na kelele

9. Nimefunga kioo kirefu na sasa kichwa kinatikisika kuliko nilipokuwa na kifupi. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo watu hawataki kuliamini: kioo cha kimo cha kati, yaani kile ambacho upepo unaoruka ukingoni mwake unakupiga kichwani, ndicho kibaya kuliko vyote.

Bila kioo, upepo unaokupiga una nguvu lakini umetulia. Unakusukuma moja kwa moja kama mkono. Ukiweka kioo, nyuma yake hewa inapungua, na ile inayopita juu ya ukingo inavutwa kuja kujaza hilo pengo. Inajikunja na kuzunguka kama maji ya mto nyuma ya jiwe. Mpaka kati ya hewa iliyotulia na hewa yenye fujo ni mwembamba, na kichwa chako kikiwa hapo hapo mpakani, helmeti inapigwa kushoto na kulia mara nyingi kwa sekunde. Unaona barabara inatetemeka kumbe ni macho.

Mimi nilijifunza kwa shingo. Nilinunua kioo kilichozidi cha kwanza kwa sentimita 10, nikaenda nacho Same kwa furaha, nikarudi kichwa kinauma kama nimebeba ndoo ya maji siku nzima. Nikafikiri tatizo ni helmeti, nikanunua helmeti. Kisha nikafikiri ni shingo yangu. Siku moja njiani nikasimama kwenye pedali kunyoosha magoti, kelele zikakatika kama redio iliyozimwa. Kichwa kilikuwa kimeingia kwenye hewa safi. Kile kioo nikakipunguza.

Kipimo chenyewe basi ni hiki. Barabara iwe wazi na imenyooka, mwendo wa 80 hivi. Inuka kidogo kwenye pedali, sentimita 5 hadi 10. Mtikisiko ukiisha, hewa safi iko juu yako, kwa hiyo kishushe kioo kwa kiasi hicho. Kisha fanya kinyume: inama, huku macho yakibaki barabarani. Mtikisiko ukiisha ukiwa umeinama sentimita 5, unahitaji sentimita 5 zaidi za kioo, almuradi usivunje kanuni ya swali la 3. Kama njia zote mbili zinasaidia, chagua kushusha. Kioo kifupi kinakuachia upepo kifuani, jambo ambalo koti linalitatua. Kirefu kinakuachia tatizo la kuona, na hilo halina koti.

Kabla ya kukata chochote, tazama sehemu ya chini ya kioo. Ukiacha pengo la upana wa vidole viwili kati ya kioo na plastiki ya taa, hewa kidogo inaingia nyuma ya kioo, lile pengo la hewa linajaa na ile ya juu haivutwi sana. Vioo vingi vya kisasa vina matundu kwa kazi hiyo. Vipete (washa) vinne virefu chini ya bolti vimewaponya watu niliowaona kwa macho yangu.

10. Suzuki V-Strom yangu inasifika kwa kutikisa kichwa. Kweli?

Sifa hiyo inayo, hasa zile 650 za zamani, na wenye nazo duniani kote wamehangaika nayo. Kioo chake kinahamishika kwa skrubu, kwa hiyo jaribu matundu yote kabla ya kununua kingine. Mara nyingi anayelalamika hajawahi kukihamisha tangu ainunue. Kisha rudi swali la 9.

11. Kile kipande kidogo kinachobanwa juu ya kioo kinasaidia?

Kinasaidia sana, na kwa watu wengi ndicho suluhisho la busara kuliko kioo kipya. Unakipandisha baridi ikija, unakishusha ukiingia joto, unakibadilisha mlalo bila spana. Kina udhaifu mmoja: kinabanwa ukingoni, na barabara mbaya inakilegeza. Kifunge kamba nyembamba kwenye shina la saiti mira. Cha rafiki yangu kilibaki mahali fulani baada ya Makuyuni na kipo huko mpaka leo.

12. Je, kukisimamisha kioo wima ni sawa na kukirefusha?

Kwa kiasi fulani. Kioo kilichosimama kinaurusha upepo juu zaidi, lakini hewa nyuma yake inakuwa na fujo zaidi. Kilicholala kinauacha upepo upite taratibu. Ukiwa na njia ya kubadilisha mlalo, badilisha kidogo kidogo, kitu kimoja kwa safari moja, usije ukashindwa kujua kipi kimekuponya.

13. Mtikisiko umeisha lakini kelele zipo. Nirefushe tena?

Hapana. Ukifika 100, kelele za upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90 kwa urahisi, na hakuna kioo cha pikipiki ya kawaida kinachozimaliza. Nunua vizibo vya masikio vya sponji, vile vya kuminya. Utaendelea kusikia honi na injini. Usikivu ukipotea haurudi, na shilingi chache za vizibo ni rahisi kuliko sentimita yoyote ya plastiki.

Angalia pia helmeti yenyewe. Zile zenye kishungi cha mbele (kile kibao kinachochomoza juu ya macho), za mtindo wa vumbi, hushikwa na hewa inayoruka kutoka kwenye ukingo wa kioo na kuvutwa juu. Ondoa kishungi siku ya lami, jaribu, kisha ndipo ulaumu kioo.

## Barabara zetu na hali ya hewa

14. Arusha baridi, Moshi joto. Kioo kimoja kitatosha?

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000, na ukiendelea kuelekea Same na Korogwe unaingia tanuri. Mwezi Juni na Julai ukitoka Arusha alfajiri na ukungu umelala Usa River, utatamani kioo cha kufika mbinguni. Saa nne baadaye kioo hicho hicho kinakupika, kwa sababu hakuna hewa inayofika kifuani.

Ushauri wangu: chagua kioo kwa ajili ya joto, baridi ipambane na koti. Nguo unaweza kuongeza ukisimama Boma Ng'ombe kula nyama. Kama pikipiki yako ina kioo cha kupandisha kwa mkono, kama BMW GS nyingi za karibuni, una raha ambayo sisi wengine tunaipata kwa kipande cha swali la 11.

Jambo moja zaidi kuhusu baridi. Kioo kirefu mno kinaizuia hata hewa inayopaswa kuingia kwenye matundu ya helmeti, na pumzi yako inageuka ukungu ndani. Ukiona helmeti inafifia kila asubuhi, huenda kioo kimezidi.

15. Vipi upepo wa ubavuni?

Kioo kikubwa ni tanga. Kwenye uwanda wa KIA, kwenye njia ya Longido kwenda Namanga, na ukiambaa na milima ya Upare kupita Same, upepo unakuja wa ubavu bila kubisha hodi. Mabasi nayo yana yake: basi likipishana nawe kwa kasi, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta.

Tatizo linakuwa kubwa kama kioo kimefungwa kwenye usukani, maana upepo ukikisukuma kioo unausukuma na usukani. Kilichofungwa kwenye fremu au kwenye plastiki ya taa isiyozunguka kinausukuma mwili wa pikipiki tu, na hilo linavumilika. Kama chako ni cha kwenye usukani, kiwe kifupi na chembamba.

  

Na ukisimama kwenye pedali, kama inavyotakiwa kwenye njia ya vumbi ya Engaruka au Simanjiro, hakikisha kioo hakikufikii kooni ukiegemea mbele. Gurudumu likizama shimoni mwili unakwenda mbele, na ukingo wa plastiki hauna huruma. Huo ndio msingi wa kusema "kidevu au chini yake" kwenye swali la 3.

## Plastiki na mafundi

16. Polikaboneti au perspeksi?

Polikaboneti haivunjiki kirahisi, inapinda. Lakini inakwaruzika upesi kama haikupakwa tabaka gumu kiwandani. Perspeksi inaonyesha vizuri zaidi na inasuguliwa ikang'aa tena, ila jiwe la lori likiigonga inapasuka, na vipande vyake vina makali. Kwa barabara zenye kokoto, mimi nachukua polikaboneti.

17. Fundi wa hapa anaweza kunitengenezea?

Anaweza, na pa kuanzia ni kwa watengeneza mabango, kabla ya gereji. Wao wana mabamba ya perspeksi, wana mashine za kukata na wanajua kuikunja kwa joto. Mpelekee kioo chako cha zamani kiwe kielelezo, na kipande chako cha dumu cha swali la 8 kiwe kipimo. Unene wa milimita 4 unatosha; milimita 3 itapigapiga ukifika 100.

Tundu la bolti litobolewe kubwa kuliko bolti kwa milimita 2 hivi, liwekewe washa ya mpira pande zote mbili, na bolti isikazwe kwa nguvu. Plastiki hutanuka juani na kusinyaa usiku. Ukiibana kama sahani ya breki, ufa utaanzia pale pale. Fundi mmoja aliwahi kunikazia hadi "iimarike", na ufa wa kwanza niliuona kabla sijafika nyumbani.

18. Nataka kukipunguza mwenyewe. Nikate vipi?

Kata sentimita 2 kwa siku, si 6 kwa mkupuo. Plastiki ikishakatwa hairudi. Bandika tepu pande zote mbili, chora mstari juu yake, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo na usiharakishe, maana joto linaiyeyusha na kuigandisha tena nyuma ya msumeno. Pembe ziwe za mviringo. Malizia kwa msasa mkavu, kisha msasa laini wa maji, mpaka ukingo uupitishie kidole bila hofu. Endesha siku mbili ndipo uamue kama utakata tena.

19. Kioo kimepata ufa mdogo. Kimekwisha?

Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, utasimama kwa muda. Ufa ukiwa mahali unapotazamia, au ukitoka kwenye bolti moja kwenda nyingine, badilisha.

20. Nikisafishe na nini?

Maji na sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Wadudu waliokauka waloweke kwanza kwa kitambaa kibichi kwa dakika kumi, usiwakwangue. Petroli hapana kabisa, hata kama kijana wa kuosha pikipiki anaapa kwamba inang'arisha. Dawa za vioo vya dirishani zenye amonia hapana. Mafuta ya breki yakidondoka, mwaga maji papo hapo.

21. Cha rangi nyeusi kinapendeza. Kuna ubaya?

Kama unatazama juu yake, hakuna ubaya. Kama unatazama kupitia kwake, usiku utajuta.

## Hali za pekee

22. Nina Boxer, nafanya bodaboda Moshi mjini. Nifunge kioo?

Kwa mwendo wa mjini huhitaji kioo cha safari. Ninachoona kinasaidia ni kile kidogo cha juu ya taa, kinachokata baridi ya alfajiri kifuani ili usilazimike kuvaa koti kinyumenyume. Kisifike kwenye kidevu. Pikipiki nyepesi yenye tanga kwenye usukani inayumba basi likipita, na abiria nyuma yako anayumba pamoja nawe.

23. Mke wangu anakaa nyuma na analalamika upepo, mimi mbele niko salama. Nifanyeje?

Shemeji yuko sahihi. Kiti cha nyuma kiko juu, kwa hiyo kichwa chake kimekaa pale pale kwenye mpaka wa fujo tulioueleza swali la 9. Kukirefusha kioo chako mpaka kimfae yeye kutakufunga wewe macho. Jaribu haya kwanza: asogee karibu nawe zaidi, mabegi ya nyuma yasimsukume mbele na juu, kioo kipate upana badala ya kimo. Na vizibo vya masikio ni vya watu wawili.

24. Mimi na mdogo wangu tunatumia pikipiki moja, yeye ni mfupi sana. Tupime kwa nani?

Kwa mfupi. Mrefu akikosa kioo atapata upepo, mfupi akizidiwa na kioo hataona barabara. Ukiendesha wewe, bana kipande cha swali la 11, ukimaliza kiondoe.

25. Nimeona alama ya kuungua kwenye dashibodi, na pikipiki ilikuwa imeegeshwa tu. Ni umeme?

Huenda ni jua. Kioo chenye mkunjo kinaweza kukusanya miale kama lenzi na kuyeyusha plastiki ya dashibodi. Ukiegesha muda mrefu juani, geuza pikipiki ili jua lisiingie kwa upande wa mpanda, au tupia kitambaa.

26. Tangu nifunge kioo kirefu na sanduku la nyuma, nikifika 110 usukani unaanza kucheza. Kioo ndicho?

Kinaweza kuwa mchango wake. Kioo kirefu kinapunguza uzito gurudumu la mbele likienda kasi, na sanduku zito lililo nyuma ya ekseli linafanya vivyo hivyo. Ikianza kucheza, achia gesi taratibu, usikabe usukani, usikamate breki ya mbele kwa ghafla. Ukifika, kagua upepo wa matairi, beringi za usukani na springi ya nyuma. Hamisha vitu vizito kutoka kwenye sanduku uviweke kwenye mabegi ya ubavuni, chini kadiri inavyowezekana. Kisha toa kioo kabisa, urudi barabara ile ile na mzigo ule ule kwa mwendo wa chini ya pale ilipoanzia kucheza, ukipanda kidogo kidogo. Ikitulia bila kioo, kirudishe kikiwa kimepunguzwa. Ikiendelea kucheza, usihangaike na kioo, mpelekee fundi gurudumu la mbele.